Jusqu'à la garde: filamu ya kwanza ya Xavier Legrand, na barua ya mtoto ambayo watu wazima hawakuiamini

SinemaKavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna filamu ya Kifaransa nataka tuijadili kwa kina, maana sijaiona ikitajwa humu, na kwangu mimi ni kati ya kazi za kwanza zenye nguvu zaidi ambazo mwongozaji amewahi kuanza nazo. Inaitwa Jusqu'à la garde. Kwenye mitandao mingi mtaikuta kwa jina la Custody. Ameiandika na kuiongoza Xavier Legrand, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2017, ikaingia majumba ya sinema ya Ufaransa Februari 2018. Ni dakika 93 tu.

Tahadhari mapema: bandiko hili linagusa mwanzo peke yake. Huko chini tutafika mwisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anataka kuitazama akiwa hajui lolote, aishie hapa kwanza kisha arudi.

Filamu inaanza ofisini kwa hakimu. Usitegemee ukumbi mkubwa wala umati. Ni chumba cha kawaida chenye meza, hakimu mwanamke, mume na mke walioachana, kila mmoja na wakili wake pembeni. Mke anaitwa Miriam, ameigizwa na Léa Drucker. Mume ni Antoine, ameigizwa na Denis Ménochet, jitu la miraba minne lenye uso ambao dakika hii unauonea huruma na dakika inayofuata unataka kukaa nalo mbali. Wana watoto wawili. Joséphine anakaribia kutimiza miaka 18, kwa hiyo yeye ataamua mwenyewe. Anayegombewa ni mdogo wake Julien, bado mtoto wa shule, ameigizwa na Thomas Gioria.

Julien hayupo chumbani. Ipo barua yake. Hakimu anaisoma kwa sauti tulivu ya kikazi, na barua inasema wazi kabisa kwamba hataki kumwona baba yake.

Halafu mawakili wanaanza. Wa Antoine anasema mteja wake ni mchapakazi, anawapenda wanawe, hana hukumu yoyote, na barua ile ina harufu ya mama aliyeketi pembeni ya mtoto akimwambia cha kuandika. Wa Miriam anazungumzia hofu na vitisho, lakini karatasi za kuthibitisha ni chache. Miriam mwenyewe haongei sana. Amejikunja, anajibu kwa kifupi, na ukimtazama kwa jicho la mtu asiyemjua unaweza kusema ana jambo analificha. Antoine ndiye anayeonekana kuumia.

Eneo hili linachukua karibu robo saa. Hakuna picha ya kurudi nyuma ikatuonyesha yaliyotokea nyumbani kwao. Hakuna muziki wa kutuambia nani mbaya. Legrand anatukalisha kwenye kiti cha hakimu, anatupa faili lilelile alilonalo hakimu, na muda uleule. Ukitoka pale huna uhakika. Hakimu naye hana uhakika, na anaamua kama mahakimu wengi wanavyoamua wakikosa uhakika: Julien atakwenda kwa baba yake kila baada ya wiki moja, mwisho wa juma.

Hoja yangu ya uzi huu ni moja. Kila kitu tulichohitaji kukijua kilikuwa ndani ya ile barua. Filamu nzima inayofuata haiongezi siri mpya, haina ufunuo wa kushtukiza. Inachofanya ni kumrudisha mtazamaji, hatua kwa hatua, kwenye maneno ambayo mtoto aliyasema dakika za mwanzo kabisa na watu wazima wakayapima kama ushahidi wa kutiliwa shaka.

Karibuni. Nitaendelea na upande wa sauti.

---

KijanaWaThika

Asante sana mkuu kwa huu uzi. Niliitazama kitambo, na mimi ni mtu wa kutazama filamu nyingi za wageni. Kuna jambo moja lilinishangaza: huyu Legrand alijifunzia wapi? Filamu ya kwanza kwa kawaida mtu hujaza kila kitu alichowahi kuwaza maishani. Hii imekatwa hadi mfupa.

---

SinemaKavu

KijanaWaThika, swali zuri. Hakuanza kutoka hewani. Legrand alizaliwa 1979 na ni mwigizaji kwa taaluma, alisomea pale Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha taifa cha sanaa ya maigizo. Akiwa mtoto alipata nafasi ndogo kwenye Au revoir les enfants ya Louis Malle, ya 1987. Kwa hiyo kabla ya kuongoza alishakaa miaka mingi upande wa pili wa kamera na jukwaani, na unaona hilo kwenye namna anavyowaachia waigizaji muda. Hakatizi uso wa mtu unapoanza kubadilika.

Lakini la muhimu zaidi ni kwamba hadithi hii aliianza na filamu fupi. Mwaka 2013 alitoa Avant que de tout perdre, nusu saa tu, ikishirikisha Drucker na Ménochet haohao wakiwa Miriam na Antoine. Siku nzima ni moja: mwanamke anayefanya kazi supamaketi anawakusanya wanawe ili watoroke kabla mume hajajua. Ilipata César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa, kwa upande wa filamu fupi mwaka 2014 na ikateuliwa kuwania Oscar mwaka huohuo. Mpango wa mwanzo ulikuwa filamu fupi tatu. Alipofika kwenye ya pili na ya tatu, akaziunganisha zikawa filamu hii ndefu.

Alipoandika muswada alikaa na watu wa kazi hiyo: mahakimu wa familia, polisi, wanawake waliopitia, na vikundi vya wanaume waliowahi kuwapiga wake zao. Ndiyo maana lile eneo la ofisini lina lugha ya ofisi kweli. Mawakili wanazungumza haraka kwa sababu wanajua hakimu ana foleni nje.

Kitu ambacho mtu anayeanza hukikosa ni ujasiri wa kuacha. Hatuonyeshwi Antoine alivyokuwa akimpiga Miriam enzi za ndoa. Mwongozaji mwingine angetupa eneo hilo dakika ya tano ili tujue tumchukie nani, na filamu ingekufa palepale.

---

Bukavu_Lyon

Jambo wote. Mimi ni mutu wa Bukavu, naishi Lyon, na nimepita ku ofisi kama ile, si kwa ajili ya kesi yangu, nilimsindikiza mutu wa familia kama mkalimani. Nithibitishe kile mkuu anasema: ndivyo ilivyo. Wanamwita juge aux affaires familiales, yaani hakimu wa mambo ya familia. Anakaa peke yake na karani, hakuna baraza, hakuna wasikilizaji. Mambo ya ndoa ya miaka kumi na tano yanamalizika kwa muda mfupi kuliko wa kungojea basi.

Kuna jambo la sheria linalosaidia kuelewa filamu. Tangu sheria ya Machi 2002, Ufaransa imesisitiza kwamba wazazi wakiachana, mamlaka juu ya mtoto yanabaki ya wote wawili. Msingi ni kwamba mtoto ana haki ya baba na mama. Ni msingi mzuri kwa familia nyingi. Tatizo ni pale mutu mmoja anatumia hiyo haki kama barabara ya kumfikia mwenzake. Antoine haulizi sana habari za shule ya Julien. Anauliza namba ya simu ya mama. Anauliza wanaishi wapi sasa.

Na mtoto anaweza kusikilizwa na hakimu akiwa na umri wa kupambanua, Kanuni ya Madai ya Ufaransa (Code civil) inasema hivyo. Kwenye filamu tunabaki na karatasi tu. Karatasi haina macho wala sauti. Nadhani Legrand alichagua hivyo kwa makusudi, kwa sababu hakimu angemuona Julien anavyokaza taya pale baba anapotajwa, filamu ingekuwa nyingine.

---

Mama_Tumsime

Nimesoma kimya lakini bandiko la Bukavu_Lyon limenigusa.

Mimi nimekua kati ya nyumba mbili. Sitaeleza mengi. Yule mtoto wa kwenye gari, anayeulizwa "mama yako ana simu mpya?" na anatafuta uongo ambao hautamuumiza mama wala hautamkasirisha baba, yule mtoto namfahamu. Unajifunza kusoma mabega ya mtu mzima. Unajua kwa namna anavyofunga mlango wa gari kwamba leo usiombe kitu.

Watu wengi wakizungumzia watoto wa wazazi walioachana husema mtoto "anateseka kwa kukosa upande mmoja". Filamu hii imeonyesha kitu kingine kabisa: mtoto aliyegeuzwa mlinzi. Julien hagombewi tu, anafanya kazi. Kazi yake ni kusimama kati ya baba na anwani ya mama. Ana mwili mdogo, hana gari, hana pesa, na silaha yake pekee ni kusema uongo mdogo mdogo. Kila uongo unagunduliwa.

Thomas Gioria alikuwa mtoto wakati huo na sijui walimwandaaje, lakini uso wake kwenye kile kiti cha mbele sitausahau.

---

SinemaKavu

Mama_Tumsime, asante kwa kuliandika hilo. "Mtoto aliyegeuzwa mlinzi" ndiyo kauli sahihi kuliko zote nilizosoma kuhusu filamu hii.

Na hapo ndipo niingie kwenye sauti, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu ya filamu inatengenezwa ndani ya lile gari.

Filamu haina muziki wa kusindikiza. Muziki unaousikia ni ule unaopigwa na watu wenyewe kwenye sherehe. Kwingine kote Legrand ametumia sauti za vitu vya kila siku. Antoine anaendesha, mkanda wa usalama haujafungwa, gari linaanza kulia ile tiiti tiiti tiiti. Antoine hajali. Anaendelea kuuliza maswali. Julien anatazama mbele. Ile kengele inaendelea kulia juu ya maswali, na baada ya muda mfupi wewe mtazamaji ndiye unayetaka kupiga kelele ili mtu afunge huo mkanda. Halafu kuna taa za kukata kona zinazogonga tak tak wakati gari limesimama na hakuna anayezungumza. Kuna mlio wa kengele ya mlangoni. Kuna lifti.

Hizi ni sauti tunazoishi nazo bila kuzisikia. Mtu anayeishi na mwenye ghadhabu anazisikia zote. Anajua ufunguo wa baba unavyoingia kitasani akiwa ametulia na unavyoingia akiwa hajatulia. Kwa hiyo mwongozaji ametupa masikio ya Julien, na hajatuambia kwamba ametupa.

Legrand amewahi kutaja filamu tatu alizokuwa nazo kichwani: Kramer vs. Kramer, The Night of the Hunter na The Shining. Ukizipanga kwa mstari huo utaona safari ya filamu yake. Inaanza kama kesi ya mgogoro wa malezi, inapita kwa mtoto anayewindwa na mtu mzima, inaishia nyumba iliyozingirwa. Ila mbinu hazibadiliki. Mwangaza ni uleule wa kawaida, kamera ni ileile tulivu, hakuna kivuli cha kutengeneza. Hofu imeongezeka bila mpishi kuongeza viungo. Mpiga picha wake, Nathalie Durand, anastahili sifa yake hapo.

---

KijanaWaThika

Umetaja sherehe. Lazima tuizungumzie hiyo, kwangu ndilo eneo bora zaidi la filamu.

Joséphine anatimiza miaka 18, wamekodi ukumbi, kuna bendi, ndugu wote wamekuja. Joséphine anapanda jukwaani kuimba Proud Mary. Kamera inamfuata bila kukatwa. Muziki uko juu kiasi kwamba husikii neno la mtu yeyote. Na chini ya huo muziki, mambo yanatokea: Miriam anapata habari, anatazama mlango, dada yake ananong'ona, watu wanatoka na kuingia. Hatusikii wanachosema. Tunaelewa kwa nyuso tu kwamba Antoine yuko nje.

Binti anaimba, macho yake yanaanza kumtafuta mama. Anaendelea kuimba. Hawezi kuacha kwa sababu ni siku yake na watu wamekuja.

Nilikaa nikijiuliza ni wangapi tumewahi kuhudhuria sherehe ambako kuna watu watatu wanajua jambo na wengine mia wanacheza.

Na lile eneo la chooni, tunaona miguu tu ya Joséphine kutoka chini ya mlango akiwa na kipimo cha mimba. Filamu haielezi, haihitimishi. Binti naye anatafuta mlango wake wa kutokea nyumbani, kwa njia aliyoiona.

---

baba_wawili

Naomba niweke upande mwingine, kwa heshima.

Mimi ni baba niliyeachana na mke wangu, na nilitazama filamu hii kwa sababu mtu aliniambia inahusu baba kunyimwa mtoto. Robo saa ya kwanza ilinibana kifua. Kila alichosema wakili wa Antoine ndicho ambacho baba wengi wa kweli wangesema: nimehamisha maisha yangu niwe karibu nao, sina kosa, nahukumiwa kwa maneno ya mtu mmoja. Kuna baba wengi wasiowahi kuinua mkono na wananyimwa watoto kwa tuhuma tupu.

Lalamiko langu ni hili. Legrand alikuwa ametengeneza shaka ya kweli, halafu akaimaliza. Kufikia nusu ya pili Antoine ni tishio bila mjadala, na mwisho anakuwa jinamizi lenye bunduki. Ile nusu iliyobaki ya swali, ya baba mwema asiyeaminika, imetupwa. Nikahisi kama filamu imesema: mkimwona baba analia mbele ya hakimu, jihadharini.

Si kwamba naikataa. Imeigizwa vizuri mno. Nataka tu tuseme hilo.

---

wakili_mtaa

baba_wawili, hoja yako ni ya haki na ningependa kuijibu kama mtu niliyesimama kwenye kesi za aina hii hapa Tanzania.

Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto kuwa jambo la kwanza, kisha inaitaka mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kuweza kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii husika. Ipo pia dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, dhana inayoweza kupingwa. Yote haya yanasomeka vizuri. Kwa vitendo ni ugumu uleule unaouona kwa yule hakimu Mfaransa: watu wawili, hadithi mbili, mtoto mmoja, na ushahidi uliobaki nyumbani.

Sasa, sidhani filamu inasema baba wote ni Antoine. Inasema kitu finyu zaidi na kigumu zaidi: kwenye kile chumba, baba mwema na Antoine wanafanana. Wanalia sawa, wanavaa sawa, wakili wao anasema maneno yaleyale. Kama Legrand angebaki na shaka hadi mwisho, tungetoka tukijisifu kwamba tumetazama filamu yenye kina na pande mbili. Alichofanya ni kutulipisha gharama ya shaka yetu. Kuna familia ambazo wakati sisi tunasema "bado haijathibitika", mtoto yuko ndani ya gari.

Utaratibu wa kumsikiliza mtoto vizuri unamlinda pia baba mwema. Mtoto asiyeogopa huonekana haogopi. Ila anahitaji mtu wa kukaa naye, si kusoma barua yake tu.

---

SinemaKavu

wakili_mtaa umemaliza sehemu niliyokuwa nikiiandika. Naongeza moja kwa baba_wawili, kuhusu Ménochet.

Antoine hajaandikwa kama jinamizi tangu ndani. Kuna eneo anaingia kwenye nyumba mpya ya Miriam baada ya kumlazimisha Julien aonyeshe njia. Mtoto alijaribu kumpoteza, alimpeleka pasipo penyewe, akakimbia, na mwishowe akashindwa. Antoine anatembea vyumbani akitazama, kisha anamkumbatia Miriam na kulia, anasema amebadilika. Wakuu, analia kweli. Hakuna unafiki usoni mwa mwigizaji. Anaamini anachosema. Na Miriam amesimama mikono imeshuka, akisubiri imalizike, kama mtu aliyebebwa na maji asiyepambana nayo ili asizame.

Kuna pia chakula cha mchana kwa wazazi wa Antoine. Baba yake mzazi anamfukuza nyumbani. Kwa dakika chache unaona mtoto wa kiume wa mtu, mtu mzima ambaye hana pa kwenda. Legrand anakupa hiyo huruma waziwazi. Ila hakubali huruma hiyo ichukue nafasi ya usalama wa Julien. Hilo ndilo naliona kama msimamo wa filamu. Unaweza kumhurumia Antoine kwa moyo wote na bado usimpe mtoto.

Sasa mwisho. Ambaye hajatazama, hapa ndipo pa kuruka.

Usiku baada ya sherehe, Miriam na Julien wamelala. Kengele ya chini inaanza kulia. Inalia, inaacha, inalia. Halafu kimya. Halafu wanasikia lifti inapanda. Wamelala gizani wakisikiliza lifti, na sisi tunasikiliza nayo, na nakwambia sijawahi kuogopa lifti namna hiyo. Antoine yuko nje ya mlango na bunduki ya kuwindia. Anafyatua risasi mlangoni. Mtu wa kituo cha polisi yuko kwenye simu akimwelekeza Miriam afanye nini, sauti yake imetulia, na mama na mwana wanajilaza kwenye beseni la kuogea.

Tazameni nani aliyepiga simu ya kwanza. Ni jirani, bibi mzee wa mlango wa pili. Hatujui lolote kumhusu. Hana maneno ya maana kwenye hadithi. Alisikia, na hakusema "ni mambo ya mke na mume".

---

Mama_Tumsime

Yule bibi. Nimetazama filamu mara mbili na mara ya pili nilikuwa nikimsubiri yeye tu.

Majirani zetu walikuwa wakiongeza sauti ya redio. Siwalaumu, walidhani wanatusitiri.

---

Bukavu_Lyon

Niongeze kile kilichotokea huku baada ya filamu, juu watu wengine wanaweza kufikiri ni hadithi tu.

Februari 2019 filamu ilipata César ya filamu bora ya mwaka. Léa Drucker alipata ya mwigizaji bora wa kike, Legrand ya muswada bora, na ikapata ya uhariri pia. Kabla ya hapo, Venice 2017, Legrand alikuwa amepewa Simba wa Fedha wa mwongozaji bora pamoja na tuzo ya filamu ya kwanza bora. Kwa mutu wa filamu ya kwanza hilo ni jambo kubwa mno.

Drucker aliposimama kupokea, aliwazungumzia wanawake wanaopitia haya. Na mwaka huohuo ndio Ufaransa ililipuka kwa suala hili. Wanawake walikuwa wakibandika karatasi usiku kwenye kuta za miji, herufi nyeusi kubwa kwenye karatasi nyeupe, majina ya waliouawa. Nimeziona kwa macho yangu hapa Lyon. Septemba 3, 2019 serikali ikaanzisha mazungumzo ya kitaifa, tarehe ilichaguliwa makusudi ilingane na 3919, namba ya simu ya kuomba msaada. Desemba ikapitishwa sheria iliyoleta bangili za kielektroniki za kumzuia mwanaume kumkaribia mwanamke aliyemtishia.

Na bado hesabu za wizara ya mambo ya ndani kwa 2019 zilionyesha wanawake 146 waliouawa na wenzi wao au waliokuwa wenzi wao. Mwaka uliotangulia walikuwa 121.

Filamu haikuleta hiyo sheria, sitadai hivyo. Lakini watu wengi huku niliozungumza nao walikuwa wanatumia filamu kueleza jambo ambalo takwimu hazielezi: kwamba hatari inaongezeka pale mwanamke anapoondoka. Watu huuliza "kwa nini haondoki?" Miriam ameondoka. Filamu nzima ni baada ya kuondoka.

---

baba_wawili

Nimesoma majibu yote taratibu.

Bado naamini kuna filamu nyingine inayopaswa kutengenezwa kuhusu baba anayesingiziwa, na natamani mtu aifanye kwa umakini huuhuu. Lakini nakubaliana na wakili_mtaa kuhusu kumsikiliza mtoto. Mwanangu mkubwa aliwahi kuulizwa na afisa ustawi anataka nini. Alijibu kwa sentensi mbili, na zile sentensi mbili zilitusaidia wote wawili, mimi na mama yake, kuliko vikao vyote vya wazee tulivyokaa.

Swali kwa mwanzisha uzi: ile filamu fupi niitazame kabla au baada? Na huyu Legrand ameendelea?

---

SinemaKavu

baba_wawili, nashukuru sana kwa kubaki kwenye mjadala. Upande wako ulihitajika.

Ushauri wangu: anza na ile ndefu. Ukianza na fupi utaingia kwenye ofisi ya hakimu ukijua tayari Antoine ni nani, na robo saa ya kwanza itapoteza nguvu yake yote. Legrand aliitengeneza ndefu isimame bila fupi. Ukimaliza, pumzika siku moja mbili, halafu tazama fupi. Ndipo utamwona Miriam wa siku ile alipoamua, anavyozunguka supamaketi akiaga wafanyakazi wenzake huku akihesabu muda, na utaelewa kwa nini mwanamke yuleyule ofisini kwa hakimu hana nguvu ya kujieleza.

Ndiyo, ameendelea. Filamu yake ya pili inaitwa Le Successeur, ya 2023, inamhusu mbunifu wa mitindo anayekwenda Quebec baada ya kifo cha baba yake ambaye walikuwa hawasemezani. Baba tena, urithi tena, lakini njia tofauti kabisa. Nipeni muda nitaifungulia uzi wake. Wenye kuiona tayari, msimwage mwisho wake hapa tafadhali.